Kadenasi Kazini, Kamba Nyumbani

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu jioni watoto wakiisha kulala,

Simama siku moja mlangoni pa kiwanda, saa ile ekipi ya usiku inaingia na ekipi ya mchana inatoka. Tazama motokari zinazopita. Usizitazame mbele, kwa sababu mbele kila mtu anapangusa, kila mtu anajivunia. Zitazame nyuma. Utaona taa moja inawaka na nyingine imekufa. Utaona motokari inasimama na hakuna taa ya stop hata moja inayowaka. Utaona plaki iko gizani. Na utaona mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya mpira, ule mpira wa ndani wa gurudumu uliokatwa vipande virefu.

Leo tunataka kusema juu ya kitu kidogo: nyaya za umeme zinazopita kwenye mlango wa nyuma wa motokari ya zamani yenye mgongo mrefu, ile tunayoiita break. Utauliza: je, huu ni ukurasa wa usalama wa kazi au ni ukurasa wa garaji? Soma kwanza mpaka mwisho, kisha ujibu mwenyewe.

Kazini hatuchezi na umeme. Fundi akitaka kutengeneza pampu, anakata moto kwanza. Anatia kadenasi yake, anaweka kibandiko chenye jina lake, anajaribu kama mashini haiwezi kuanza, na kisha tu anatia mkono. Hakuna mtu anayeunga kebo ya mgodi kwa kusokota nyuzi mbili na kuzifunga na plastiki ya mkate. Akifanya hivyo, shefu atamwondoa pale, na sisi wote tutasema shefu ana haki. Lakini mtu yuleyule akifika kwake na kukuta waya wa motokari umekatika, anausokota, anaufunga plastiki, anapakia bibi na watoto, na anaingia barabarani usiku. Je, tuna akili mbili? Moja ya kazini na moja ya nyumbani?

Jambo lililonipata

Sitaki kusema juu ya wengine na kujificha mwenyewe. Mimi ninayeandika ukurasa huu nilifanya vivyo hivyo.

Nilikuwa na break ya zamani. Siku moja wipa ya nyuma ilikataa kuzunguka. Nikasema, mvua imekwisha, nitaona mwaka kesho. Kisha taa ya plaki ikafa. Nikasema, si kitu. Kisha kifungo cha umeme cha mlango wa nyuma kikakataa kufungua. Hapo nilikuwa na haraka, kulikuwa na mifuko ya unga ndani. Kijana mmoja aliingia kwa ndani, akafungua mlango kwa nguvu, na kufuli ikavunjika. Tangu siku hiyo mlango haukushika tena. Nikaufunga kwa kamba ya mpira. Ulibaki wazi kidogo, upana wa vidole viwili.

Siku ya Jumapili tulitoka Likasi kurudi Lubumbashi. Watoto walikuwa kiti cha nyuma. Baada ya saa moja hivi, msichana wangu mdogo alisema kichwa kinamuuma. Kisha akatapika. Mama yake alisema ni malaria, na mimi nilisema ni malaria. Tulisimama, akakaa chini ya mti, akapata nafuu. Tukaendelea, na kichwa kikaanza tena, sasa na kwa kaka yake. Tulifika nyumbani watoto wote wawili wamelegea. Kesho yake asubuhi walikuwa wazima, wanacheza.

Mzee mmoja, fundi wa motokari jirani yetu, ndiye aliyeniuliza swali moja tu: «Mlango wako wa nyuma unafungwa na nini?» Nilinyamaza. Mimi niliyefundisha wengine juu ya hewa mbaya mgodini, nilikuwa nimewapakia watoto wangu ndani ya moshi.

Kila kitu kilianza na waya mwembamba kuliko unyasi. Kama ningeutengeneza siku ile wipa ilipokufa, kufuli isingevunjika, kamba isingefungwa, na watoto wasingevuta moshi.

Kwa nini waya ule unakatika

Sisi ni watu wa shaba. Tunaichimba, tunaiyeyusha, tunajua tabia yake. Shaba ni laini, inakubali kukunjwa. Lakini ikikunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mahali pamoja, inakuwa ngumu, na kitu kigumu kinapasuka. Chukua kipande cha waya wa shaba mkononi, ukikunje hapa na hapa mara nyingi, utaona wewe mwenyewe.

Sasa tazama mlango wa nyuma wa break. Juu, karibu na bawaba, kuna mpira mweusi wenye mikunjo kama shingo ya kobe. Ndani yake zimepita nyaya zote za mlango: ya taa ya plaki, ya wipa, ya kioo kinachopashwa moto, ya kufuli, na mara nyingi ya taa ya tatu ya stop. Kila unapofungua mlango, nyaya zote zinakunjwa pale pale. Fungua mara nne kwa siku, na mwaka mmoja umeikunja zaidi ya mara 1,400. Motokari nyingi za namna hii zinazotembea kwetu, kama Corolla Fielder iliyotoka Japani kuanzia mwaka 2000, zimekwisha kuwa na miaka 15, 20 na zaidi. Mpira umekauka na jua, ngozi ya waya imekuwa ngumu kama ganda, na shaba ndani yake imechoka.

Tena waya haukatiki mara moja. Ndani yake kuna nyuzi ndogo nyingi. Unakatika mmoja leo, mwingine mwezi ujao. Ngozi ya nje inabaki nzima, na macho hayaoni kitu. Ndiyo maana taa inawaka mlango ukiwa wazi na inakufa mlango ukifungwa. Fundi asiyejua atabadilisha taa, atabadilisha mota ya wipa, atakula feza yako, na ugonjwa utabaki.

Hatari ni tatu

Ya kwanza ni giza. Mwingine atasema: «Taa zangu kubwa ziko kwenye mwili wa motokari, si kwenye mlango. Waya wa mlango ukikatika, nitapoteza taa ya plaki tu.» Amekosea. Katika motokari nyingi taa ya tatu ya stop inakula kwenye fuzible moja na zile mbili za chini, na taa ya plaki inakula pamoja na taa nyekundu za nyuma. Waya uliochubuka ndani ya mlango ukigusa bati, fuzible inakatika, na taa zote za fuzible ile zinakufa pamoja. Wewe mbele huoni kitu, taa zako za mbele zinawaka vizuri. Nyuma yako uko kama jiwe jeusi katikati ya barabara.

Na barabara zetu unazijua. Kutoka Kasumbalesa mpaka Lubumbashi, na kupita Likasi mpaka Kolwezi, makamio yanapanda na kushuka mchana na usiku na madini, na chokaa, na asidi. Mwezi wa Februari 2019, katika Lualaba, kamio la asidi liligongana na magari mengine, na watu zaidi ya 15 walikufa. Hatusemi kwamba sababu yake ilikuwa taa. Tunakumbusha tu ni makamio ya namna gani yanayokuja nyuma yako. Fanya hesabu: kamio linalokwenda kilometa 60 kwa saa linapita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akikuona ukiwa mita 30 mbele yake, sekunde moja inakwisha kabla mguu wake haujafika kwenye freni. Zinabaki mita 13. Hata kwenye lami nzuri na kavu, kamio lililojaa haliwezi kusimama ndani ya mita 13. Taa nyekundu mbili zingemwonya tangu mbali.

Ya pili ni moto. Fuzible ikikatika, inakuambia: kuna ugonjwa, utafute. Lakini wengi wetu hatutafuti. Tunatia fuzible kubwa zaidi, au kipande cha waya, au ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Sasa hakuna kitu cha kukata moto tena. Waya wenyewe ndio unaokuwa fuzible: unapata moto mpaka ngozi yake inayeyuka, chini ya kitambaa cha paa, juu ya vichwa vya watoto. Betri ya volti 12 haiwezi kukupiga kama umeme wa nyumba, ni kweli. Lakini ina nguvu ya kutosha kuyeyusha pete kidoleni na kuwasha motokari nzima.

Ya tatu ni moshi, na hii ndiyo iliyonifundisha. Motokari ikienda, nyuma yake hewa inazunguka na kurudi, na moshi wa bomba unarudi pamoja nayo. Mlango wa nyuma ukiwa wazi hata kidogo, moshi unavutwa ndani. Katika moshi huo mna monoksidi ya kaboni, gesi ile ile tunayoiogopa baada ya kupasua mwamba na baruti. Haina rangi, haina harufu. Inashikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na damu inakosa nafasi ya kuchukua hewa nzuri. Alama zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, usingizi. Mtu anadhani ni malaria au uchovu wa safari. Ukiona alama hizi ndani ya motokari, simama, zima mota, toa watu wote kwenye hewa nzuri, na umpeleke mgonjwa lupitali. Waambie waganga waziwazi kwamba alikuwa ndani ya moshi wa motokari.

Namna ya kuutengeneza

Kazi hii inaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye subira, katika nusu siku ya mapumziko. Ukimpa fundi, simama karibu naye uone kama anafuata njia hii.

Fungua mlango wa nyuma kwanza, kwa sababu betri ikiisha kutolewa, kufuli ya umeme haitafunguka. Tegemeza mlango kwa mti wenye nguvu. Zile pampu mbili zinazoushika, katika motokari ya zamani, zimechoka, na mlango unaweza kuangukia kichwa chako. Kisha toa waya wa betri, ule wa alama ya kutoa (−), kabla ya mwingine. Ukianza na ule wa kujumlisha, na ufunguo wako ukagusa bati, utaona cheche. Hii ndiyo kadenasi yako ya nyumbani. Vua pete na saa.

Chomoa ule mpira mweusi pande mbili, uusogeze. Shika waya mmoja mmoja, uukunje polepole na uuvute kidogo. Uliokatika ndani utalegea mahali pamoja, utakunjika kama unyasi uliovunjwa. Usitengeneze ule mmoja tu. Kama mmoja umekufa, jirani zake wanamfuata. Usisahau waya wa masi, ule unaorudisha kuran kwenye bati. Ukikatika huo, taa zinachanganyikiwa: unakanyaga freni, na taa nyingine inawaka, tena hafifu.

Sasa sikia jambo kubwa kuliko yote. Usiunge waya mahali pale unapokunjwa. Mahali palipolehemiwa panakuwa pagumu, na pembeni yake waya utakatika tena baada ya miezi michache. Kata kila waya mbali na bawaba, upande wa paa na upande wa mlango, mahali ambapo hautikisiki. Katikati tia kipande kipya kirefu. Pima urefu wake mlango ukiwa wazi kabisa, na uongeze kidogo, usivutwe.

Kipande kipya kiwe cha waya laini wa motokari, wenye nyuzi ndogo nyingi. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene haufai, huo utakatika upesi kuliko ule wa zamani. Unene uwe sawa na wa kwanza au uzidi kidogo, usipungue kamwe. Taa ya stop ya wati 21 haifikii ampea 2, lakini kioo kinachopashwa moto kinaweza kula ampea 10 na zaidi. Ukitia waya mwembamba kwenye kioo, umetia jiko.

Kata na uunge waya mmoja, uumalize, ndipo uende kwa wa pili, ili rangi zisichanganyike. Lehemu vizuri, au tumia viungo vya kubana, na ufunike kila kiungo peke yake. Viungo visiwe mahali pamoja, kimoja kiwe juu, kingine chini kidogo. Rudisha mpira mahali pake, na kama umepasuka ubadilishe, kwa sababu maji ya mvua yatapita hapo na kuozesha shaba. Rudisha waya wa betri mwisho kabisa. Tia fuzible yenye namba iliyoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku lake, si kubwa zaidi.

Kisha jaribu: taa za nyuma, stop, taa za kukata kona, za kurudi nyuma, plaki, wipa, kufuli. Jaribu mlango ukiwa wazi, jaribu ukiwa umefungwa. Bibi au kijana akutazamie taa, lakini asimame pembeni, si nyuma ya motokari, na freni ya mkono iwe imevutwa.

Wanaosema «sina feza»

Tunajua maisha ni magumu, na motokari ya zamani ni mdomo mmoja zaidi nyumbani. Lakini hatukuombi ununue motokari mpya. Tunakuomba mita chache za waya, bati kidogo la kulehemu, mkanda wa umeme, na nusu siku. Aliyefunga kamba hakuokoa feza. Ameahirisha deni tu, na deni hili linaongezeka. Mimi nilikataa kununua waya. Nikanunua kufuli nzima, na nusura nilipe kwa watoto.

Wengine wanasema: «Ni motokari yangu, ni shauri yangu.» Si kweli. Dereva wa kamio anayekuja nyuma yako naye ana watoto. Na mwenzako wa kazi unayempa nafasi alfajiri, hakuja kununua hatari yako.

Kwa mashefu tuna neno pia. Mtu anayeuawa barabarani akirudi nyumbani, kazini hatujamwona akiumia, lakini kesho yake kiti chake kiko wazi na bibi yake analia. Katika mikutano yetu ya usalama tunauliza juu ya kaske na viatu. Tuulize pia juu ya taa za nyuma. Mara moja kwa mwezi, pale motokari zinapowekwa, wenzetu wa ofisi ya umeme wasimame dakika chache kila mmoja akikanyaga freni. Mwenye taa iliyokufa asitozwe faini. Aonyeshwe tu, na aoneshwe namna ya kutengeneza.

Na wewe mama, una haki ya kusema. Kabla ya kupakia watoto usiku, zunguka nyuma. Mwambie baba yao akanyage freni. Kama hakuna taa, kama mlango umefungwa kwa kamba, shusha watoto. Atakasirika. Acha akasirike. Hasira yake itakwisha kabla ya bukari kupoa, na watoto watalala nyumbani.

Sasa jibu lile swali la mwanzo: je, huu ni ukurasa wa usalama wa kazi au wa garaji? Mimi nilipata jibu langu siku ile msichana wangu alipokaa chini ya mti, njiani kutoka Likasi. Wewe nenda leo jioni nyuma ya motokari yako, ukatafute lako.